Barua ya wazi: Wakimbiaji wetu waliorudi bila shahada wana haki ya kumaliza masomo

Kwa waheshimiwa marais wa vyuo vikuu vya Marekani vinavyosajili wakimbiaji kutoka Afrika Mashariki, wakurugenzi wenu wa michezo, na wakuu wa vitengo vyenu vya elimu endelevu, vile vinavyowafundisha watu wasioweza kukaa chuoni kwa muda wote.

Pokeeni salamu kutoka Iten. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kila mwaka makocha wenu, au watu waliowatuma, hufika huku wakiwa na saa ya kupimia mbio mkononi na fomu za chuo mkobani. Kila mwaka mimi na wenzangu huandika barua za mapendekezo, hukagua vyeti vya KCSE, na hukaa na wazazi hadi usiku tukiwaeleza skolashipu ni nini. Kazi hiyo tunaifanya kwa moyo kwa sababu matunda yake tumeyaona. Mike Boit alishinda shaba ya mita 800 kule Munich mwaka 1972. Alisoma Eastern New Mexico, akaendelea Stanford, akapata shahada ya udaktari Oregon, kisha akarudi nyumbani kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Wako wengine wengi: wauguzi, wahasibu, walimu, wahandisi. Mbio ziliwalipia karo, nao wakasoma.

Leo nawaandikia kwa niaba ya wale ambao hawakumaliza. Walirudi na nusu ya shahada, au robo tatu yake, na vyuo vyenu havijui tena waliko. Naiandika barua hii kwa Kiswahili ili wazazi na vijana wa huku nao waisome kabla kocha hajabisha hodi.

Ombi langu ni moja. Kila mwanariadha aliyeivaa jezi yenu akaondoka kabla ya kuhitimu apokewe na kitengo chenu cha elimu endelevu, amalize masomo akiwa nyumbani kwake kwa njia ya mtandao, na gharama ibebwe na idara ya michezo.

Mezani pangu nina transkripti, yaani hati ya masomo na alama za chuoni, ya mmoja wao. Sitamtaja yeye wala chuo chake. Aliichapisha kutoka kwenye akaunti yake ya mwanafunzi kabla haijafungwa, na maneno ya kijivu yanayosema kwamba hati hii si rasmi yamekatiza mshazari juu ya alama zake. Utangulizi wa Biolojia, B. Takwimu, B+. Uandishi wa kitaaluma, C muhula wa kwanza, A muhula wa pili. Chini kabisa zimejumlishwa krediti, yaani vipimo vya masomo aliyoyamaliza, 84, wakati shahada yake ilihitaji 120. Mwaka wa tatu, katika msimu wa mbio za ndani, alipata ufa kwenye mfupa wa muundi. Hakukimbia tena msimu huo. Mwaka uliofuata skolashipu yake haikuendelea, akaondoka akidaiwa pesa za bweni. Kwa sababu ya deni hilo ofisi ya usajili haikutoa transkripti rasmi, na bila transkripti rasmi hakuna chuo cha huku kinachoweza kuzihesabu zile krediti 84. Alitaka kufundisha biolojia. Siku hizi huamka alfajiri kukimbia na wageni wanaokuja Iten kwa mazoezi, ili wasipotee njia na wasikimbie peke yao.

Mtu akisikia kisa hiki atauliza kama kijana alikuwa mvivu. Transkripti yake inajibu. Tena hata asiyeumia, akafuata kila kanuni, anaweza kumaliza mbio zake bila shahada, kwa sababu hesabu za kanuni zenyewe zinaruhusu hivyo. Ili acheze, mwanafunzi wa Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, lazima asajiliwe kwa muda wote, yaani kwa kawaida krediti 12 kila muhula. Kumi na mbili mara mihula minane ni 96. Anapoingia mwaka wa nne anatakiwa awe amefikisha asilimia 60 ya shahada, yaani krediti 72 kati ya 120. Anapoingia mwaka wa tano ni asilimia 80, nayo ni ileile 96. Kwa hiyo kijana aliyekimbia miaka minne, akapita kila ukaguzi wa sifa za kushindana, anaweza kufika siku ya mashindano yake ya mwisho akiwa amepungukiwa krediti 24. Siku hiyo ndiyo timu inapoacha kumhitaji.

Tena mkimbiaji wa masafa marefu hana msimu wa kupumzika na kulipia masomo aliyoyaacha. Vuli ni mbio za nyika, majira ya baridi ni mbio za ndani, masika ni mbio za uwanjani. Mchezaji wa futiboli ya Kimarekani ana msimu mmoja. Huyu wetu ana mitatu, na yote inaangukia ndani ya mwaka wa masomo. Kanuni inasema saa 20 za michezo kwa wiki wakati wa msimu. Siku ya mashindano huhesabiwa saa tatu tu hata ikichukua kutwa nzima, na saa za ndani ya basi hazihesabiwi kabisa. Kijana anayetaka sayansi anakuta maabara iko alasiri, mazoezi yako alasiri. Mshauri wa masomo anamwelekeza kwenye kozi isiyogongana na ratiba ya kocha, na baada ya mihula miwili ya kuahirisha maabara, uuguzi unageuka ndoto. Hili nimelisikia kwa wanafunzi wetu wengi mno kuliona kama bahati mbaya ya mtu mmoja.

Na hesabu zenu hazimwoni. NCAA hutangaza kila mwaka kiwango chake cha kuhitimu, na mwaka 2024 Divisheni ya Kwanza ilitangaza asilimia 91. Kiwango hicho kina utaratibu wake: mwanariadha anayeondoka chuoni akiwa na alama za kutosha kuendelea huondolewa kwenye hesabu ya chuo, kwa dhana kwamba huenda amehamia kwingine. Kijana wa transkripti iliyoko mezani pangu aliondoka na alama nzuri. Hakuhamia kokote. Kwa hiyo hayumo kati ya waliohitimu, wala hayumo kati ya walioshindwa. Ametolewa kwenye karatasi. Namwomba kila mkurugenzi wa michezo anayejivunia kiwango hicho kwenye ripoti yake aitishe orodha ya walioondolewa, ajue kila mmoja alienda wapi.

Najua mtaniambia kwamba msaada upo. Ni kweli, na nawashukuru waliouanzisha. Tangu 1988 NCAA ina mfuko wa kuwasaidia wanariadha wa Divisheni ya Kwanza kumaliza shahada, lakini masharti yake yanamtaka mtu awe amemaliza muda wake wa kushindana na awe amebakiza krediti zisizozidi 30. Aliyeumia mwaka wa pili hafiki hapo. Tangu Agosti 2024 vyuo vya Divisheni ya Kwanza vinatakiwa kuwalipia wanariadha wao wa zamani gharama za kumaliza shahada kwa hadi miaka 10, na skolashipu hairuhusiwi tena kukatwa kwa sababu ya jeraha au kiwango cha uchezaji. Hatua hii ni kubwa. Lakini ule msaada wa miaka 10 unawahusu waliokuwa na skolashipu kamili, na riadha haikuwa mchezo wa skolashipu kamili. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya riadha na mbio za nyika iliruhusiwa jumla ya skolashipu 12.6, zigawanywe kwa watu thelathini, arobaini. Futiboli ilikuwa na 85. Kijana mwenye robo tatu ya skolashipu, ambaye robo iliyobaki alichangiwa na harambee ya kijiji, hayumo kwenye ahadi ya 2024. Na wale waliopitia NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, au vyuo vya miaka miwili, ambao ni wengi huku kwetu, hata hawaguswi na kanuni za NCAA.

Kuna ukuta mwingine ambao wakuu wa elimu endelevu huenda hawaufahamu, kwa sababu wengi wa wanafunzi wao ni raia. Mmarekani akipoteza skolashipu anaweza kufanya kazi mchana na kusoma jioni, kozi mbili mbili, hata akichukua miaka sita. Elimu endelevu iliundwa kwa ajili ya mtu kama huyo. Mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi wa kigeni, hawezi. Lazima asome kwa muda wote. Akipunguza masomo bila idhini anapoteza hadhi yake. Kozi ya mtandaoni inayohesabiwa katika masomo yake ni moja tu kwa muhula. Hawezi kuajiriwa nje ya chuo kiholela ili alipe karo. Akipata idhini ya kuacha masomo, ana siku 15 za kuondoka nchini. Siku kumi na tano za kuuza godoro, kurudisha vitabu, kuaga, na kutafuta nauli. Ni nani katika siku hizo atakumbuka kumuuliza msajili kuhusu krediti zake?

Lakini sheria hiyohiyo haina neno juu ya mtu aliyekaa Iten, Mbulu au Kapchorwa. Mwanafunzi anayesoma kozi yenu ya mtandaoni akiwa nje ya Marekani hahitaji viza. Hahesabiwi kozi ngapi ni za mtandao. Anaweza kusoma mbili leo, moja muhula ujao, apumzike wakati wa mavuno. Njia iliyofungwa kwake alipokuwa chuoni kwenu iko wazi tangu siku alipotua Eldoret, na hakuna aliyemwambia. Kocha hamjui mkuu wa elimu endelevu. Mkuu wa elimu endelevu hana orodha ya wanariadha walioondoka. Ofisi zenu mbili ziko chini ya rais mmoja, na kila moja inadhani mtu huyu ni wa mwenzake.

Mambo haya mawili hayakuanza yakiwa mbalimbali. Chuo Kikuu cha Chicago kilipofungua milango mwaka 1892, rais wake wa kwanza, William Rainey Harper, alitaka tangu siku ya kwanza kiwe na kitengo cha kuwafikia wasioweza kuja chuoni, pamoja na masomo ya posta. Ndiye huyohuyo aliyemwajiri Amos Alonzo Stagg kuongoza michezo, na akampa cheo cha kitaaluma kama walimu wengine. Mwaka huohuo Penn State ilianza kuwatumia wakulima masomo kwa barua. Baadaye, mwaka 1939, Chicago iliifuta timu yake kubwa ya futiboli kwa kuona imeelemea masomo. Siwaombi mfike huko; bila michezo vijana wetu wasingevuka bahari. Nataka mkumbuke tu kwamba rais mmoja aliwahi kuyashika yote mawili kwa mkono mmoja, katika enzi ambayo barua ilisafiri kwa treni.

Leo kazi ni rahisi zaidi. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona kilikubaliana na Starbucks kwamba wafanyakazi wa kampuni hiyo nchini Marekani wasome shahada mtandaoni kwa msaada wa mwajiri, na mwaka uliofuata mpango ukapanuliwa hadi miaka yote minne. Ulikuwa uamuzi mzuri. Mpishi wa kahawa akapata mshauri wa masomo, mtu wa kumpigia simu, na karo. Ikiwa chuo kinaweza kufanya hivyo kwa wafanyakazi wa kampuni isiyo yake, kinashindwaje kwa watu waliokikimbilia nyika na kukiletea vikombe? Mwaka 1981 UTEP, Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, ilishinda ubingwa wa taifa wa mbio za nyika, ambako mwenye alama chache ndiye mshindi, kwa alama 17, wakati alama bora kabisa inayowezekana ni 15, ikiwa na timu iliyojaa Waafrika, Watanzania na Wakenya miongoni mwao. Mwaka 1978 Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Vyuo vyenu vimejenga majina kwa miguu hii.

Kwa nyota wa mpira wa kikapu njia ya kurudi ipo, na mnaisherehekea. Michael Jordan aliondoka North Carolina 1984 akapata shahada yake ya jiografia 1986. Shaquille O'Neal alirudi Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana akahitimu 2000. Stephen Curry aliondoka Davidson 2009, akamaliza 2022, na ndipo chuo kikastaafisha jezi yake, kwa kuwa hakistaafishi jezi ya mtu asiyehitimu. Msimamo huo wa Davidson naupenda sana. Unasema wazi kwamba mchezo bila shahada ni deni. Basi deni hilo lipo pia kwa mkimbiaji aliyemaliza wa arobaini katika mashindano ya kanda, ambaye jezi yake hakuna atakayeitundika.

Sasa nieleze ninavyotaka lifanyike, kwa sababu nimeona ahadi nyingi nzuri zikikwama kwenye mambo madogo.

Kwanza ni transkripti. Ikikwama hiyo, yote yamekwama. Kanuni ya serikali kuu iliyoanza Julai 2024 iliweka mipaka kwa vyuo vinavyozuia transkripti kwa sababu ya deni, lakini inalinda mihula iliyolipiwa kwa fedha za msaada wa serikali kuu. Mwanafunzi wa F-1 hapati fedha hizo, kwa hiyo kanuni inampita. Uwezo wa kuachia transkripti yake uko mikononi mwenu wenyewe, kwa sahihi moja ya msajili. Futeni madeni hayo. Mara nyingi ni pesa za bweni, za vitabu, za bima. Ni kidogo kuliko gharama ya kulaza timu hotelini kwa safari moja ya mashindano.

Kisha mtu akaguliwe krediti zake na apewe barua inayosema wazi: umebakiza kozi hizi, hizi na hizi. Vyuo vingi vinataka krediti za mwisho, mara nyingi 30, zisomwe chini ya jina la chuo chenyewe, na hilo linamzuia kijana asimalizie katika chuo cha huku akaleta alama kwenu. Ama mhesabu kozi zenu za mtandaoni kuwa zimetimiza sharti hilo, ama mlilegeze. Pale ambapo shahada yake ya awali ina maabara isiyowezekana mtandaoni, kubalianeni na chuo cha Kenya, Tanzania au Uganda afanyie maabara hapo. Madarasa ya moja kwa moja ya saa moja jioni kwenu ni usiku wa manane kwetu. Mpeni yaliyorekodiwa, na mitihani yenye muda wa kuchagua.

Karo ndipo wengi mtakaposita. Vitengo vya elimu endelevu vingi vinatakiwa kujilipia vyenyewe, najua, na mkuu wake hawezi kugawa bure bila kuulizwa na mhasibu. Ndiyo maana nasema idara ya michezo ilipe. Chini ya makubaliano ya kesi ya House, ambayo wanariadha waliishtaki NCAA, yaliyoidhinishwa na Jaji Claudia Wilken Juni 2025, chuo kiliruhusiwa kuwalipa wanariadha wake hadi takriban dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Sipingi malipo hayo. Wachezaji waliyapigania mahakamani kwa haki. Lakini idara inayoweza hata kujadili kiasi hicho haiwezi kusema haina karo ya krediti 36 za mtandaoni kwa mtu aliyewahi kuikimbilia kwa mguu wenye ufa. Vyuo visivyo na fedha za namna hiyo, na viko vingi, vinaweza kuanza kwa kusamehe karo ya kozi ambayo tayari inafundishwa na ina nafasi wazi.

Tena kazi iwe ya kweli. Mwaka 2014 uchunguzi ulionyesha kwamba North Carolina iliendesha kwa miaka 18 kozi zisizo na darasa, ambazo wanafunzi zaidi ya 3,000 walipitia, karibu nusu yao wanariadha. Vijana wale waliporwa elimu huku wakipewa alama. Hatuombi hilo. Anayerudi asome, afanye mtihani, na akishindwa ashindwe kama wengine. Kijana wa transkripti ile hataki alama ya huruma. Anataka Jenetiki na Ekolojia, kozi mbili ambazo jina lake lilishaandikwa kwenye orodha ya darasa kabla mguu haujauma.

Mwisho, kila chuo kiwe na mtu mmoja, mwenye jina na barua pepe inayojibiwa, ambaye kazi yake ni hii. Asiwe kocha, maana makocha huhama. Akae katika elimu endelevu, apewe na idara ya michezo orodha ya wote walioondoka bila kuhitimu, awatafute. Sisi walimu wa huku tutamsaidia. Tunawajua walipo: wengine wako kambini, wengine shambani, wengine ni makondakta wa matatu kati ya Eldoret na Kapsabet.

Kwenu wazazi na vijana: kabla ya kutia sahihi, mwulizeni kocha skolashipu ni ya sehemu gani, itakuwaje mwanafunzi akiumia, na kama shahada anayoitaka inaweza kumaliziwa mtandaoni akiwa nyumbani. Takeni majibu kwa maandishi. Na wewe unayesoma hii ukiwa na transkripti yako ndani ya sanduku, usiitupe. Iwekee nakala, andika jina la kila kozi na mwaka ulioisoma.

Waheshimiwa, usajili wenu wa wakimbiaji wapya huku unaendelea. Kuanzia mwaka huu, kabla sijaandika barua ya mapendekezo kwa ajili ya chuo chochote, nitakiomba jina la mtu huyo mmoja.

Wenu,
Mwalimu wa sekondari, Iten, Kaunti ya Elgeyo Marakwet